Jina la Kuku

Habari ilikuwa kwamba Ijumaa watoto wangepangwa mistari miwili. Mstari wa kwanza ni wa wale ambao mama zao wamezaliwa hukuhuku, wa pili ni wa wale ambao mama zao wametoka kwingine, na mstari wa pili hautapanda basi la kurudi nyumbani. Nani alisema, hakuna aliyejua. Micaela aliisikia kiwandani Jumatano, kisu chake kikiwa ndani ya paja la kuku, kutoka kwa Nicanora aliyesimama kushoto kwake. Nicanora naye aliipata chooni kwa mwanamke wa upande wa mabawa, ambaye aliambiwa na shemeji yake anayesafisha ofisi za kaunti.

"Shemeji mwenyewe anapiga deki," Micaela alisema. "Atajuaje mambo ya shule?"

"Anamwaga ndoo zao za karatasi kila siku, shoga. Unadhani hachungulii?"

"Na watawaweka wapi watoto wote hao?"

"Ukumbi wa chakula. Wewe mzazi uende mwenyewe kumchukua wako, na mlangoni askari wanakungoja na kalamu." Nicanora alinyoosha kisu kuelekea kwenye mnyororo, kuku waliokuwa wakija wakining'inia miguu juu. "Kama hawa. Hakuna anayewafuata, wanaletwa mpaka kwenye kisu." Akacheka peke yake. "Mimi wangu nilimzaa kulekule kwetu. Labda wataniwekea mstari wa tatu."

Micaela hakucheka. Mkono uliendelea kukata, maana mnyororo haumsubiri mtu, lakini roho haikuwa pale tena. Asubuhi hiyo jaji alikuwa ameiacha sheria mpya ya jimbo ianze kazi. Sheria yenyewe hakuwahi kuiona. Aliijua kwa vipande, kama wote walivyoijua. Askari akikusimamisha barabarani akuulize makaratasi. Shule iandike mtoto yupi wazazi wake ni wageni. Anayekupa lifti naye ajue ana kosa. Kipande kipi ni kweli na kipi kimeongezwa njiani, hakuna aliyeweza kumwambia, kwa hiyo alivibeba vyote.

Aliishi Alabama mwaka wa kumi na moja sasa. Binti zake wawili, Elida wa miaka kumi na Catarina wa miaka sita, walizaliwa palepale Cobbs Ferry, mtaa wa trela, nyumba za bati zenye magurudumu, nyuma ya ghala la mbao. Cheti cha kila mmoja kilisema mama ni Micaela Pascual, mzaliwa wa Huehuetenango, Guatemala. Lakini kiwandani hapakuwa na Micaela. Kiwandani palikuwa na Rosalba Treviño, na Rosalba huyo alikuwa na kadi yenye picha ya Micaela, na namba ya utambulisho ya mwanamke wa Texas ambaye Micaela hakuwahi kumtia machoni. Wala hakuwa peke yake. Karibu kila mtu kwenye mnyororo ule alikuwa na jina la kazini. Nicanora aliitwa Brenda, na siku msimamizi akimwita Brenda kwa sauti, wenzake walimtazama kwa huruma kama mtu aliyepewa gauni lisilomtosha.

Nyumbani watoto waliliita jina la kuku. Elida ndiye aliyelianzisha akiwa mdogo, kwa sababu lilikuja na aproni na buti na ile harufu, na likaning'inizwa msumarini karibu na mlango. Micaela alikuwa amewafundisha neno moja tangu walipoanza kusema. Jina la kuku halitoki nje ya mlango huu. Mwalimu akiuliza, hulijui. Daktari akiuliza, hulijui. Mtu akija na peremende mkononi akauliza, hulijui vilevile. Aliwasomesha hivyo kila Jumapili walipokuwa wakisukwa nywele, mpaka Catarina akawa analiimba, "Silijui, silijui," kama wimbo wa kurukia kamba.

Alhamisi hakuwapeleka shule. Ijumaa pia. Aliwafungia ndani, pazia zimeshushwa, televisheni imepunguzwa sauti. Elida alilia kwa sababu Ijumaa ilikuwa zamu yake ya kumlisha kobe wa darasani.

"Kobe atakula kesho," mama yake alisema.

"Kesho Jumamosi."

"Basi atakula Jumatatu. Kobe anavumilia."

"Wewe unaogopa maneno ya chooni, mama."

"Ndiyo, naogopa. Shusha miguu hapo kwenye kochi."

Nje mtaa ulikuwa unahama. Magodoro yalifungwa juu ya magari, friji zilisukumwa kwenye pikapu, mbwa waliachwa wakizunguka milango iliyofungwa. Doña Eufrasia wa trela ya pili, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kadi ya shule kama mtu wa kumchukua mtoto wazazi wasipopatikana, aliondoka kwenda Arkansas bila hata kuaga. Aliacha nguo kwenye kamba. Aliyekuwa akiwaendesha wanawake kazini kwa gari lake kubwa jekundu naye alitoweka, na zamu ya mchana kiwandani ikawa na mapengo kama mdomo wa mzee.

Jumamosi Gaspar, mume wa Micaela, alikwenda Florida kwenye mashamba ya nyanya, atafute kazi na pa kukaa kwanza, kisha awaite. Alichukua na bati la biskuti lililokuwa na karatasi zote za nyumba, vyeti vya watoto, pasipoti zao mbili zilizokwisha muda, hati ya ndoa.

"Uniachie hata pasipoti yangu," Micaela alisema.

"Wakiivamia trela, watachukua kila kitu. Kwangu zitakuwa salama."

Wote wawili waliona hiyo ndiyo akili. Wangejuaje.

Jumapili, baada ya misa, Hermelinda alimshika mkono mlangoni mwa kanisa. Hermelinda ndiye aliyemshika Catarina kwenye maji ya ubatizo, na tangu siku ile yeye na Micaela waliitana komadre, undugu ambao kwao ni mzito kuliko wa tumbo moja, kwa sababu wa tumbo moja hukuchagua. Alikuwa mwanamke mnene, mjane, anauza tamale, unga wa mahindi uliopikwa na nyama ndani ya maganda, kutoka kwenye boksi la plastiki la samaki, na zaidi ya yote alikuwa na makaratasi halali aliyoyapata zamani.

"Komadre, ukumbini wanaandika karatasi za watoto," alisema. "Ukikamatwa, watoto waje kwangu, wasiende serikalini. Twende kabla foleni haijafika barabarani."

"Unataka nikamatwe?"

"Nataka wanao wale kwangu ukikamatwa. Ukirudi utawakuta wamenenepa, utanidai maelezo."

Ukumbini, kwenye meza ya bingo, alikaa bibi mmoja mzungu wa kanisa jirani, Bi Lorene, na mhuri wake wa kuthibitisha hati. Sista Ildefonsa alisimama nyuma yake akitafsiri. Wanawake walisogea hatua kwa hatua, kila mmoja na jina la atakayemwachia watoto mdomoni, kama wanaokwenda kuungama.

"Kitambulisho chenye picha," Sista alisema Micaela alipofika.

Hapo ndipo alipokosea. Angeweza kusema, Sista, sina, kimeondoka na mume wangu, nirudi lini. Lakini nyuma yake walikuwa wanawake thelathini, na Gaspar alikuwa Florida, na kesho yenyewe hakuijua. Kilichokuwa mkobani ni kadi ya kiwanda. Aliiweka mezani.

Bi Lorene aliinua kadi, akaitazama, akamtazama yeye. Sista akauliza, "Ndiye wewe huyu?"

Miaka kumi na moja kila aliyemuuliza swali hilo alimjibu neno moja, na ulimi ulishazoea. Tena kusema mbele ya mgeni mwenye mhuri kwamba ana majina mawili, aliona ni sawa na kujifunga kamba mwenyewe.

"Ndiye mimi," alisema.

Bi Lorene alisoma karatasi kwa sauti, polepole, na katikati ya maneno yasiyoeleweka likatoka lile jina, Rosalba Treviño. Hermelinda alimfinya kiunoni.

"Komadre, hilo si la kule kwenye kuku?" alinong'ona.

"Picha si yangu? Uso si wangu?"

Hermelinda alifikiri kidogo. Hakujua kusoma, na kwao kijijini karani wa manispaa alimjua kila mtu kwa uso na kwa jina la nyanya yake. Karatasi ilikuja nyuma ya uso, si mbele yake. "Kweli," alisema. "Mimi nakuchukua wewe kwa jina lolote." Akatia alama yake, mhuri ukagongwa, na karatasi ikaingia ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya kopo la unga wa mahindi jikoni kwake. Usiku ule Micaela alilala kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumatatu mwalimu wa Elida alipiga simu. Alisema hakuna mistari, hakuna askari, kuna kiti kitupu tu na kobe ambaye hali vizuri. Micaela alimuuliza mara tatu. Akampigia Nicanora.

"Mistari haikuwapo," Nicanora alikiri. "Lakini ilikuwa karibu kuwapo."

"Umenifungia watoto siku tatu kwa kitu kilichokuwa karibu kuwapo."

"Si mimi, shoga, ni shemeji. Na mimi naondoka kesho, kwa hiyo nisamehe leo."

Mchana alikwenda zamu, na alipotoka aliiacha kadi ya Rosalba kabatini kiwandani. Askari asije akamkuta barabarani na majina mawili.

Jumanne asubuhi aliwapeleka mwenyewe. Basi la shule lilipita mapema, na Catarina alikuwa akitafuta kiatu. Leseni hakuwa nayo, hakuna aliyempa mtu kama yeye leseni miaka yote hiyo, na taa moja ya nyuma ya gari ilikuwa imekufa tangu Agosti. Gaspar alikuwa ameahidi kuibadilisha. Alipowashusha langoni, Elida aligeuka akamwambia, "Umeona? Hakuna mstari." Micaela alimpungia mkono, akashika njia ya nyumbani akiwa mwepesi, karibu kuimba.

Kwenye njia ya reli, taa za buluu zilimulika nyuma yake.

Askari alikuwa kijana, ana vipele vya wembe shingoni, na adabu. Alisema taa. Akasema leseni. Kisha akauliza alikozaliwa. Micaela alitoa jina lake la kweli, akashukuru kimoyomoyo kwamba kadi ya kiwanda haipo.

"Njoo ukae nyuma, mama," askari alisema. Halafu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Una watoto?"

Kwao, mwenye fimbo akikukamata, unamtajia watoto, na hata mwenye fimbo ana mama. "Wawili," alisema haraka. "Wadogo. Wako shule, hapa karibu, Elida na Catarina." Aliona askari akiinua redio, akadhani anawaombea huruma. Alikuwa anaiarifu shule kwamba mzazi amezuiliwa, na kwamba watoto wasipande basi mpaka apatikane mlezi mwenye haki.

Kwa hiyo yale maneno ya chooni yalitimia kwa watoto wawili, na aliyeyatimiza ni mama yao.

Jela ya kaunti ilikuwa na harufu ya dawa ya choo na mkate wa kukaangwa. Walimchukua alama za vidole, wakamwambia kosa ni kuendesha bila leseni. Sista Ildefonsa alikuwa amepata habari na yuko njiani na dhamana. Akifika kabla ya jioni, huenda Micaela akalala nyumbani. Aliambiwa hayo na askari wa kike mwenye kucha za zambarau, ambaye hakuwa mbaya. "Una bahati," alimwambia kwa Kiingereza cha polepole. "Mpaka sasa una kitu kidogo tu. Kaa kimya, usikikuze." Kiingereza cha kiwandani kilimtosha Micaela kuyaelewa hayo.

Saa tisa kasoro dakika tano mchana akapewa simu. Dakika kumi na tano, ukutani, waya mfupi kiasi kwamba lazima uiname. Sauti ya mashine ilisema kwa Kihispania kwamba maongezi yanarekodiwa. Akampigia Hermelinda.

"Komadre, niko shuleni," Hermelinda alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kuuza tamale. "Sista ameniambia, nimekuja na karatasi. Hawanipi watoto."

"Kwa nini? Si ina mhuri?"

"Mhuri upo. Mwalimu mkuu ameusifu mhuri. Anasema aliyeandika karatasi si mama yao. Anasema Rosalba Treviño ni nani."

Micaela aliweka paji la uso ukutani.

"Umemwambia ni wewe? Ni mimi, yaani?"

"Nimwambie kwa lugha gani, komadre? Mimi Kiingereza changu ni cha 'nyama au kuku'. Anayetafsiri ni Elida."

"Na Elida amesema nini?"

Kwa mbali zilisikika sauti za watoto na kengele. "Elida amesema halijui jina hilo. Wamemuuliza mara tatu. Amesema hajawahi kumsikia mtu huyo. Ameapa, komadre. Mtoto amesimama wima kama mshumaa, ameapa."

Miaka ya kusuka nywele ilimrudia Micaela yote kwa pamoja, na ule wimbo wa Catarina wa silijui, silijui.

"Sikiliza tena," Hermelinda alisema kwa sauti ya chini. "Hapa kwenye korido amekaa mwanamke wa ofisi ya watoto. Anasubiri saa tisa na nusu. Amekuja na kiti cha gari cha mtoto, amekiweka magotini. Catarina amemuuliza ni cha nani."

"Gaspar?"

"Simu yake haishikwi. Si unajua wakiwa shambani simu zinabaki kwenye basi. Komadre, nifanye nini? Nimwibe mmoja?"

"Mpe Elida simu."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi ndogo ya mtu anayejikaza asilie mbele za watu. "Mama. Sikusema," Elida alinong'ona. "Wameuliza sana, lakini sikusema."

Micaela alitazama kando. Askari wa kucha za zambarau alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, akijaza fomu juu ya ubao. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa kamili. Dhamana ilikuwa njiani. Akikaa kimya, jioni yuko nje, na watoto wako kwenye nyumba ya watu asiowajua, katika mji asioujua, kwa mkono wa ofisi ambayo mtu kama yeye haingii kudai kitu na akatoka. Akisema, mashine inarekodi, askari anasikia, na kitu kidogo kinakuwa kikubwa. Mwanamke wa mabawa alikuwa na dada aliyepatikana na jina la kazini. Alizuiliwa miezi, kisha akarudishwa kwao na mfuko wa plastiki mkononi.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Umefanya kama nilivyokufundisha. Sasa nakufundisha kingine. Mwalimu mkuu yuko hapo?"

"Yuko."

"Mwambie Rosalba Treviño ni mama yako."

"Ulisema lisitoke mlangoni."

"Nilisema. Leo lazima litoke."

"Ni mtego? Wamekulazimisha?"

"Hakuna aliyenilazimisha. Elida, nisikilize. Kwenye friji nyumbani kuna picha ya kobe uliyochora, nyuma yake umeandika orodha ya vitu vya kununua, na cha mwisho ni sabuni. Ni mimi, na hakuna mtu mwingine hapa. Mwambie."

Kisha akamsikia binti yake akisema kwa Kiingereza, wazi, kwa ile sauti ya kujibu darasani, kwamba Rosalba ni mama yake, kwamba ni jina la kiwanda cha kuku, kwamba yeye amesema uongo na anaomba msamaha. Mtoto wa miaka kumi anaomba msamaha kwa uongo aliofundishwa na mama yake. Micaela aliuma kidole.

Sauti nyingine ikaingia, ya mwalimu mkuu, ikisema kitu kirefu. Elida akatafsiri. "Bi Pruitt anasema anataka kuamini. Anasema neno langu halitoshi, kwa sababu kwanza nilisema hapana. Anasema mtu wa huko aseme kwamba wewe ndiye wote wawili. Askari. Aseme yeye kwenye simu, na aandike."

Micaela aligeuka. "Bibi," alimwita askari.

Yule wa kucha za zambarau aliinua macho.

"Nina jina lingine. La kazi. Rosalba Treviño. Mwambie mwalimu kwenye simu, ni mimi. Tafadhali."

Askari alisogea, akafunika kipaza sauti cha simu kwa kiganja. "Umesikia nilivyokwambia asubuhi?" alisema. "Nikiandika hili, dhamana ile haikutoi. Hili si taa tena. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Ungoje mwanasheria kwanza."

"Mwanasheria anakuja lini?"

Askari alitazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Alitazama kiganja chake juu ya kipaza sauti, kama anayeomba kiondoke chenyewe. Kisha akachukua simu, akataja jina lake na namba yake ya kazi, akasema aliyeko mbele yake amekiri kutumia majina yote mawili, na kwamba ataiandika. Alisubiri. Akaitikia mara mbili. Akamrudishia Micaela simu bila kumtazama usoni.

"Komadre." Alikuwa Hermelinda, na sasa analia wazi. "Wananipa. Catarina anavaa begi. Yule mwanamke amesimama na kiti chake, anaondoka nacho."

"Wape chakula wasilale na njaa."

"Umefanya nini huko?"

"Wape tamale za jibini. Elida hapendi za—" Mashine ikasema dakika zimekwisha.

Sista Ildefonsa alifika saa kumi na dhamana ndani ya bahasha, akarudi nayo. Usiku wa tatu Micaela alihamishwa jimbo lingine, kwenye kituo cha wanawake katikati ya misitu ya misonobari. Huko aliomba karatasi na kalamu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita na mwandiko wake ulilala upande mmoja, lakini alijaza kurasa mbili, akazituma kwa Hermelinda.

Barua ilifika Ijumaa ya wiki iliyofuata. Gaspar alikuwa amesharudi kutoka Florida na bati la biskuti, hatoki nje mchana, hazungumzi. Jumapili, baada ya misa, wanawake waliobaki walikusanyika ukumbini. Hawakutimia kumi na tano. Hermelinda alikaa mbele na Catarina magotini, na kwa kuwa yeye hasomi, Elida alipanda juu ya benchi akaisoma barua ya mama yake, ukurasa wa kwanza moyoni, kwa kuwa ulikuwa wake mwenyewe, na wa pili kwa sauti.

Wa pili ulisema hivi:

Usisaini karatasi ya watoto kwa jina la kazini. Hata kama huna kitambulisho kingine. Rudi nyumbani, rudi kesho.

Usimpe mumeo karatasi zote aondoke nazo. Gawaneni.

Usikubali mhuri kabla mtu unayemwamini hajakusomea kila neno kwa lugha yako.

Usiache kwenye kadi ya shule jina la jirani aliyehama. Nenda ukalibadilishe Jumatatu hii.

Usiendeshe gari lenye taa mbovu, hata hatua moja. Kama kiatu hakionekani, mtoto aende na ndala.

Usimwambie askari habari za watoto ukidhani atakuhurumia. Mwambie jina lako, basi.

Usiwafungie watoto ndani kwa maneno ya chooni. Piga simu shule, uliza.

Usimfundishe mtoto kukana bila kumfundisha na siku ya kukubali. Mpe neno la siri, ajue ni wewe.

Usimlaumu Elida.

Usichelewe kumlisha kobe.